Tisa Iliyojaa

Asifiwe Mungu anayewajua watu wake kwa majina, asiyehitaji kutupanga mstari ili ajue nani hayupo. Ameniongezea miaka hadi nikastaafu ualimu, akaniachia macho ya kuandikia na mke wa kunisomea ninayoandika. Namshukuru kwa hayo kabla sijasema neno lingine, maana nitakayoyasimulia si mepesi, na sitaki yageuke manung'uniko.

Nataka kumwandika jirani yangu mpiga picha. Jina lake sitalitaja. Yeye mwenyewe aliuza nyuso nyingi bila kuuza jina hata moja, na ninayo sababu nyingine ambayo msomaji ataiona mwishoni.

Mimi nilikuja Kiganjo kutoka upande wa Bungoma kufundisha shule, na Jumapili nyingine kuhubiri; yeye ni mwenyeji. Nilipomfahamu alikuwa na chumba kidogo karibu na chuo cha polisi, ambako makurutu walipigwa picha za kutuma nyumbani wakiwa na kofia mpya. Simu zenye kamera zilipoenea, makurutu wakaacha kuja. Chumba kikawa cha kuuzia mayai, naye akahamia kazi ambayo ilinichukua muda kuielewa. Alikuwa akipiga picha ambazo hakuna aliyeziagiza: mikono inayochambua viazi, mkebe wa maziwa uliobonyea, mwanamke anayecheka akiangalia simu, ukungu ukishuka kutoka mlimani. Alirekodi pia vipande vifupi vya video, na kwenye kompyuta alitengeneza michoro inayotembea. Vyote alivipeleka kwenye ghala za mtandaoni, ambako watu wa kila nchi huja kuchagua wanachotaka na kulipia.

"Nani ananunua picha ya viazi?" nilimuuliza.

"Sijui, Mwalimu. Hata yeye hanijui. Hiyo ndiyo uzuri yake."

"Na akiitumia vibaya?"

"Ati vibaya? Viazi utaitumia vibaya aje?"

Tulicheka. Alikuwa mtu wa kuchekesha akitaka, ingawa yeye mwenyewe alicheka kwa pua tu, mdomo umefungwa. Aliishi kwa kazi hiyo. Ilimlisha, ikamwezekea paa, na kila Jumapili alizima kompyuta kuanzia alfajiri hadi Jumatatu. Kanisani alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, na sikumbuki siku aliyoikosa ibada.

Ghala hizo hazipokei picha yenye maandishi ya kampuni yoyote. Huku kwetu watu wengi huvaa mitumba, na kila kifua kina maandishi ya mahali ambapo mvaaji hajafika. Siku moja nilimkuta soko la Chaka amewageuzia akina mama wa viazi fulana zao zote, ndani nje, mishono inaonekana, nao wamesimama mbele ya magunia kama kwaya.

"Mwalimu, usituangalie hivyo," mmoja akaniambia. "Leo tuko kazi ya nchi za nje."

"Na bwanako akipita?"

"Atasema nimevaa haraka nikitoka pahali."

Wakaangua kicheko hadi nikajifanya napima viazi. Mpiga picha hakucheka. Alikuwa amepiga goti kwenye matope akingoja wingu litoke.

Maandishi yaliyobaki aliyafuta nyumbani kwenye kompyuta. Alikuwa fundi wa kufuta. Aliwahi kunionyesha picha ya malisho ya upande wa Doldol, nyasi kavu na anga pana, akaniuliza naona nini. Nikasema naona nyasi. Akabofya, na palepale katikati akatokea ng'ombe dume mweupe mwenye alama ya mwenyewe ubavuni. Akabofya tena, ng'ombe akatoweka na kivuli chake. Nyasi zilikuwa nzima, kila jani mahali pake, kana kwamba hakuna kwato iliyowahi kukanyaga pale. Nilimsifu sana. Mara nyingi sasa nakumbuka jinsi nilivyomsifu.

Alikuwa na neno alilolirudia: nafasi. Alisema mnunuzi hanunui kilichomo tu, ananunua pia pahali pa kuandika maneno yake. Ndiyo maana watu wake hawakusimama katikati. Aliwasogeza upande mmoja, upande wa pili akauacha mtupu. "Wacha nafasi," alikuwa akiwaambia. "Songa, mama, wacha nafasi." Watoto wa Kiganjo walizoea kumwigiza wakipanga foleni ya maji.

Nisimwonyeshe kama mtu wa hila, kwa sababu hakuwa. Kila mtu aliyetokea kwenye picha zake alitia sahihi karatasi ya ridhaa, na kabla ya sahihi jirani yangu alihakikisha mtu huyo amesomewa. Ilikuwa ya Kiingereza. Mara nyingi mimi ndiye niliyeitwa kutafsiri, kwa kuwa watu waliniamini. Na jambo moja lilinishangaza: mtu huyu aliyesambaza nyuso za wengine duniani kote hakuwa na picha hata moja ukutani mwake, wala hakukubali kupigwa. Harusini alishika kamera. Mazishini alishika kamera. Ukimwambia ampe mwingine aje asimame na wenzake, alisema mwanga utapotea.

Sasa nifike kwenye jambo la hesabu.

Kila picha yenye watu huingia ghalani na maelezo, na miongoni mwake kuna kisanduku kinachouliza: watu wangapi? Wazee wa Kikuyu hawakupenda kuwahesabu watu wala mifugo, kwa kuogopa kuwaitia balaa. Na waliposimulia mabinti wa kwanza wa kabila lao, waliokuwa kumi, walisema kenda muiyuru, yaani tisa iliyojaa. Kumi hawakuitamka. Jirani yangu, naye Mkikuyu, alikuwa Mkristo aliyebatizwa utotoni na aliwacheka waliomwaga pombe chini kwa ajili ya mababu. Hata hivyo hakuwahi kuandika kumi kwenye kisanduku kile. Watu wakiwa wanane aliandika wanane. Wakiwa kumi aliandika tisa. Nilipomuuliza alijibu kwa utulivu kwamba ni mazoea ya mkono, kama mtu anayeanza kuvaa kiatu cha kushoto.

Krismasi moja watoto wetu wote walikuja nyumbani pamoja na watoto wao. Mke wangu, ambaye watu humwita Mama Nafula, alifurahi hadi akasahau dawa za presha. Mpiga picha akaja na kamera, akatupanga uani, mlima ukiwa wazi nyuma yetu. Tulikuwa kumi. Mama Nafula alikuwa bado anawamiminia watu chai, kwa hiyo alisimama mwisho kabisa, kulia, chupa ya chai mkononi.

"Weka chupa chini, Mama Nafula."

"Shemeji, nikiiweka itamwagwa na hawa wajukuu. Piga tu hivyo."

Akapiga picha nyingi na kipande kirefu cha video. Kisha akatoa karatasi za ridhaa. Mama Nafula hakuwa na miwani; alishika yake mbali na macho, akanipa nimsomee. Palikuwa na mstari uliosema kwamba picha inaweza kukatwa, kubadilishwa na kuunganishwa na nyingine. Nikamsomea.

"Kukatwa vipi?" akauliza.

"Ni lugha ya karatasi tu," nikasema. "Tia sahihi, chai inapoa."

Akatia. Hakuuliza tena, kwa sababu ni mimi niliyesema.

Mwezi wa kwanza haujaisha, mpiga picha akaja amekunja uso. Ghala ilikuwa imekataa kazi yake. Wakaguzi walisema idadi ya watu hailingani na picha. Walihesabu kumi, naye ameandika tisa.

"Basi andika kumi," nikamwambia.

Akatikisa kichwa.

"Wewe ni Mkristo," nikaendelea, na sauti yangu ilikuwa ileile ya darasani. "Kama watu ni kumi na umeandika tisa, huo ni uongo. Hakuna uongo mdogo wa kisanduku."

"Mwalimu, si wewe ulihubiri juu ya ule mfalme alihesabu watu wake, tauni ikakuja?"

"Nilihubiri juu ya kiburi cha mfalme. Sikuhubiri juu ya fomu ya mtandaoni."

Alikuna kidevu. "Hii ni nyumba yako. Mimi sitaki kuhesabu nyumba yako."

"Andika ukweli, ndugu yangu. Picha na namba zilingane. Hilo tu."

"Zilingane," akasema. "Sawa. Nitafanya zilingane, na sitaandika uongo."

Aliondoka, nami nikajiona nimemsaidia mtu kiroho. Wiki mbili baadaye alinipigia simu kuniambia imepita, na video imepita pia. Sikumuuliza aliipitishaje. Baadaye akasema inanunuliwa kuliko kitu chochote alichowahi kutengeneza, na akatuletea mguu wa kondoo kutoka Chaka. Tuliula kwa furaha.

Msimu wa baridi, Mama Nafula akaota uvimbe shingoni. Zahanati ya hapa ikatutuma hospitali Nyeri mjini, wakakata kipande wakapime, wakatupa siku ya kurudia majibu. Siku hiyo tuliketi kwenye benchi refu nje ya mlango wa daktari. Mbele yetu palikuwa na runinga ukutani, haina sauti, inarudia matangazo yale yale.

Nikauona ua wetu. Nikauona mlima, na mti wetu wa parachichi, na wanangu wamesimama na watoto wao. Nikajiona mimi. Mwishoni, kulia, alisimama Mama Nafula na chupa yake ya chai. Alikuwa anacheka. Kisha taratibu akaanza kupauka. Uso ulianza, halafu leso, halafu mkono, na chupa ikawa ya mwisho. Ukabaki mstari mweupe uliochora umbo lake, na ndani ya mstari ule nyasi, nzima, kila jani mahali pake. Sisi tisa tuliobaki tuliendelea kutabasamu. Kwenye nafasi yake yakaingia maneno: Je, familia yako iko tayari? Lilikuwa tangazo la bima ya mazishi.

Nilimgeukia mke wangu nikiomba awe amesinzia. Alikuwa ameangalia.

"Baba Nafula," akasema polepole, "yule ni mimi?"

Tangazo likazunguka, likarudi. Tulikaa pale saa nzima na zaidi, na kila baada ya dakika chache mke wangu alitoweka mbele ya wagonjwa wote, kisha akarudi, kisha akatoweka. Mwanamke mmoja kwenye benchi alimtazama, akatazama runinga, akasogea kidogo. Tulipoitwa, daktari alitwambia uvimbe ni wa aina mbaya na lazima utolewe upesi.

Siamini kwamba picha inaweza kumwita mtu. Nimefundisha na kuhubiri kinyume cha hayo maisha yangu yote. Lakini siku ile nilishuka ngazi za hospitali nikiwa nimemshika mkono kama mtu anayevuka mto, na niliogopa kuuachilia.

Nilimwendea mpiga picha jioni hiyohiyo. Nilipomweleza, aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Ulisema zilingane," akasema.

"Nilisema uandike kumi!"

"Ulisema picha na namba zilingane, na nisidanganye. Kuandika kumi ni kuhesabu nyumba yako, na hiyo sikuweza. Kuandika tisa ukasema ni uongo. Nikakaa nikafikiria. Nikatoa mmoja, wakawa tisa. Hakuna uongo hapo, Mwalimu. Mama Nafula alikuwa mwisho, na kutoa yeye kulikuwa kunaacha nafasi mzuri. Kwa video nikafanya atoke polepole, ndiyo watu wa ukaguzi waone mwisho ni tisa." Akafunika uso kwa viganja. "Nilikuwa naficha nyinyi. Sikujua nani atanunua. Mimi sijuangi nani atanunua."

Nilikuja nikiwa na maneno makali, yakanikauka. Nilimshurutisha kwa jina la ukweli, naye akanitii huku akitulinda kwa namna yake. Kati ya haki yangu na hofu yake, mke wangu ndiye aliyefutwa. Na ile karatasi nilimsomea mimi.

Akaiondoa kazi ile ghalani usiku huo, lakini waliokwisha kuinunua hawanyang'anywi. Mstari huo pia ulikuwamo kwenye karatasi. Aliwatafuta watengenezaji wa tangazo, ofisi fulani ya Nairobi, akawapigia hadi wakachoka naye. Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Nilichokiona ni kwamba siku chache kabla ya upasuaji alikuja kwetu asubuhi na mapema, akasimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu uani, akamwomba Mama Nafula amwazime chupa ya chai.

"Unataka chai, shemeji?"

"Nataka chupa tu."

Akaenda akasimama pale alipokuwa amesimama mke wangu siku ya Krismasi, mwisho, kulia, akiwa na koti lake la ibada. Mama Nafula alitazama dirishani, shingo imefungwa kitambaa, akacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

"Leo jua litachomoza kule Nakuru linakotua. Shemeji amejipiga picha!"

Yeye akainua chupa kidogo, kama anayetusalimu, akasimama kimya hadi taa nyekundu ya kamera ikazima. Kisha akairudisha chupa, akashukuru, akaenda.

Mama Nafula alipasuliwa, na Mungu akamhifadhi. Daktari alitaka tu turudi kila baada ya miezi mitatu aangaliwe. Tulimwona jirani yetu mara chache kipindi hicho. Alisema ana kazi nyingi. Benchi lake la nyuma kanisani likawa tupu Jumapili moja, halafu nyingine.

Mara ya tatu tuliporudi hospitali, mke wangu aliniambia nisiangalie runinga. Nikaangalia. Uani kwetu, mlima, wanangu, mimi. Mwishoni, kulia, si Mama Nafula tena. Ni mzee mwenye koti la ibada, ameshika chupa ya chai. Akapauka uso, akapauka koti, na chupa ikawa ya mwisho.

"Waliniambia lazima mtu atoke," sauti ikasema kando yangu. "Tangazo yao ni ya mtu kutoka. Nikawaambia basi chukueni huyu."

Jirani yangu alikuwa ameketi benchi lilelile, kwenye kona, na nilikuwa nimempita bila kumtambua. Koti lilikuwa lilelile, ila mtu aliyekuwa ndani yake amepungua nusu. Mkononi alishika kadi ya kliniki kama yetu.

"Unafanya nini hapa?" nikamuuliza, ingawa niliiona kadi.

"Ni tumbo tu, Mwalimu. Ilianza hata kabla nipige hiyo picha. Usianze kuhesabu miezi." Akacheka kwa pua. "Keti. Hapa kuko na nafasi."

Mama Nafula akaketi karibu naye, mimi nikabaki nimesimama. Nilitaka kumwambia kwamba hakuna mtu anayeweza kujiweka mahali pa mwingine mbele ya kifo ila Mmoja tu, na huyo alikwisha kufanya hivyo mara moja kwa wote. Naliamini hilo kwa moyo wote. Ila mdomo wangu haukufunguka, kwa sababu mke wangu alikuwa hai mbele yangu na rafiki yangu alikuwa wa rangi ya majivu.

Muuguzi akatoka, kalamu mkononi.

"Leo daktari anaona kumi peke yake," akatangaza. "Wengine mje kesho." Akaanza kupita benchi akimnyooshea kila mtu kalamu. "Moja. Mbili. Tatu."

Nilimwona mpiga picha akihesabu kwa macho mbele ya kalamu ile. Nilifanya vilevile. Wa tisa alikuwa Mama Nafula. Kalamu ilipofika kwenye saba, mpiga picha, aliyekuwa wa kumi, alianza kuinuka akishikilia ukuta.

"Mimi nitakuja kesho, sista. Niko sawa."

"Keti, shemeji," Mama Nafula akasema.

"Nitakuja kesho."

"Kesho utasema kesho." Alimshika mkono wa koti akamvuta chini, na yule mzee aliketi kwa wepesi wa kutisha, kama kitu kisicho na uzito. Kalamu ikasema tisa, ikamgeukia yeye. Kabla muuguzi hajatamka, mke wangu akainua kiganja.

"Huyu usimhesabu, binti yangu. Huyu ana jina. Andika jina."

Akalitaja kamili, majina yote matatu, la ubatizo, la kwake na la baba yake, kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia. Muuguzi alishangaa kidogo, kisha akaliandika. Ndiyo sababu sijalitaja humu. Limeandikwa mahali lilipohitajika.

Waliita kwa majina. Lake lilipoitwa, alisimama, akanyoosha koti, akanipa kadi nimshikie, halafu akakumbuka akaichukua tena. Mlango ulifungwa nyuma yake. Juu ya mlango runinga ilikuwa imefika kwenye chupa ya chai. Mama Nafula alisogeza mkoba wake akauweka pale jirani yetu alipokuwa ameketi, mtu mwingine asipachukue, na tukangoja.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akutunze pamoja na watu wa nyumba yako. Awaite mmoja mmoja kwa majina yenu asubuhi na jioni, na siku kiti chako kikiwa kitupu, awepo wa kukushikia nafasi mpaka utoke. Amina.